Mshahara Una Wenyewe: deni la mtumishi Mbulu na Hanang, tangu enzi za kipande

Saita wadau. (Saita ni salamu ya kwetu Wairaqw. Itikieni tu, haina makato.) Najua nimewatupa mkono karibu mwezi mzima. Nilikuwa field nyumbani Mbulu, nafundisha Historia na Kiswahili, na mtandao kule unaupata ukipanda kilima. Nimerudi salama, nimekonda kidogo, na kichwani nina jambo moja halitoki.

Stori za field nitaleta siku nyingine. Leo naleta hesabu. Mwanaelimu mwenzangu unayesoma hapa huku bumu limekata tangu wiki iliyopita, chukua kalamu. Tuseme umeajiriwa serikalini na mshahara wako wa msingi ni shilingi 800,000. Nimechagua namba nyepesi makusudi, msije mkaanza kunibishia ngazi za mishahara. Mfuko wa pensheni, PSSSF, unakata asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, hiyo ni 24,000. Ukiwa mwanachama wa CWT, asilimia 2, ambayo ni 16,000. Bodi ya Mikopo, hawa waliotulipia hii digrii, asilimia 15: 120,000. Kodi ya mapato, baada ya kutoa mchango wa pensheni, inakuja 68,000. Jumla 268,000. Unabaki na 532,000, na hapo hujakopa hata senti kwa mtu yeyote zaidi ya Bodi.

Sasa sikilizeni utamu wake. Utaratibu wa utumishi unataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, mtumishi abaki na theluthi moja mkononi. Theluthi ya 800,000 ni kama 266,700. Ukiitoa kwenye 532,000 zinabaki kama 265,300 ambazo zinaweza kukatwa kila mwezi kwa miaka kadhaa bila kuvunja utaratibu. Hizo 265,300 ndizo zinazomfanya ofisa mikopo apande pikipiki kwenye tope aje hadi shuleni na kalenda za bure. Hajaja kukuona wewe, kaja kuiona ile nafasi.

Katika ofisi ya walimu niliyokaa, neno "theluthi" limeacha kuwa la Hisabati. Wanasema "fulani yuko kwenye theluthi" kama wanavyosema fulani yuko wodini. Mwalimu mmoja, mtu mzima, fundi wa kufundisha sehemu kuliko mhadhiri yeyote niliyewahi kumsikia, mshahara ulikuwa unaingia Ijumaa na Jumatatu anaomba nauli. Kadi yake ya benki haikuwa mfukoni mwake. Ilikuwa kwa mtu mjini, pamoja na namba ya siri. Mtu huyo anakwenda kutoa hela mwenyewe, anachukua chake, kisha anampa mwalimu kinachobaki. Nilipouliza kwa nini asiende polisi walimu wenzake walinicheka, nao hawakunicheka kwa ubaya.

Nikajiuliza swali la mtu wa Historia: ilianzaje? Maana kwetu mtu hakuwa wa kushikwa na mshahara kirahisi namna hii.

Tuanze mbali kidogo. Wajerumani walipoleta kodi, na Waingereza walipoirithi baada ya vita ya kwanza ya dunia, hela ikawa lazima hata kwa mtu asiyekuwa na cha kununua. Njia zilikuwa mbili: uza mfugo, au nenda kazini. Mbulu ya wakati huo ilikuwa wilaya kubwa sana, imebeba Karatu, Babati na Hanang yote, na kule Oldeani tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 walikuwako walowezi wenye mashamba ya kahawa wakitafuta watu wa kazi. Kazi ililipwa kwa kipande: kadi yenye nafasi 30, kila siku uliyofanya kazi inatiwa alama, na kadi ikijaa ndipo unalipwa. Ukiugua, mvua ikikuzuia, nyapara akikukasirikia, alama haitiwi. Mwezi wa kipande ungeweza kuchukua wiki sita au zaidi. Katikati hapo unakula nini? Unakula posho ya shamba, na kinachopungua unakopa dukani. Kwa hiyo kipande kikijaa, hela ina mwenyewe tayari. Mnaona? "Hela ina mwenyewe" siyo msemo wa zama za simu.

Kitu kimoja kilichonishangaza ni kwamba serikali ya kikoloni yenyewe ilikuwa na sheria, tangu miaka ya 1920, ya kubana mikopo ya wenye maduka kwa Waafrika. Mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani deni la mkopo ambalo halikuwekwa kwenye maandishi na kuidhinishwa na mkuu wa serikali. Walisema wanamlinda "mzawa" asilewe madeni. Ukiitazama vizuri ilikata pande mbili: ilimkinga mkulima asifilisiwe, na ilimnyima mkopo mwenye duka Mwafrika aliyetaka kukua. Ilimchukulia mtu mzima kama mtoto. Halafu wenye maduka wakajua la kufanya: kama huwezi kudai kwa karatasi, shika kitu. Rehani. Sasa nambie, yule mtu wa mjini aliyeshika kadi ya mwalimu anafanya nini tofauti?

Lakini wazee wetu wengi walikuwa na kinga. Mwiraqw hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Anao wawili kwa shemeji, mmoja kwa rafiki aliye bondeni, na yeye mwenyewe zizini ana wa watu. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na uzao. Wadatoga wa Hanang nao wana yao ya namna hiyo. Ugonjwa ukipiga upande mmoja hufi njaa. Ukipata shida, una mtu wa kumwendea na yeye hawezi kukukatalia, kwa sababu kesho ni zamu yake. Hiyo ilikuwa akiba, bima na SACCOS kwa pamoja, na riba yake ni maziwa. Simaanishi ilikuwa pepo. Maskini asiye na ng'ombe alikuwa mchungaji wa wengine tu. Ila deni lilikuwa na uso, siyo meseji.

Halafu wakaja watu wa aina mpya: wenye mshahara. Makarani wa boma, walimu wa misheni, waganga wasaidizi. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na Walutheri wa Norway, katikati ya pori lile, na ikawa mwajiri mkubwa kuliko boma lenyewe kwa watu wa upande ule. Hawa ndio wa kwanza kwetu kuishi kwa tarehe. Lakini hata wao waliendelea na shamba na mifugo. Mshahara ulikuwa mfuko wa pili. Wa kwanza ulikuwa zizini.

Baada ya uhuru ndipo serikali ilianza kufikiria usalama wa mfanyakazi kwa maana ya sasa. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA, na mwaka huohuo Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ukaanzishwa. Mwaka huo pia vyama vya kuweka na kukopa vilipata umoja wao wa kitaifa. Ninyi wa hapa Mlimani mnaijua ile ya Oktoba 1966: wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ikiwa ni pamoja na kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu akawafukuza karibu 400, na papo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Watu huisimulia kama hadithi ya ukali wa Nyerere. Mimi siku hizi naisoma kama ugomvi wa mwanzo juu ya swali letu: msomi akipewa elimu kwa hela ya umma, anadaiwa kiasi gani, na anakatwa kwa muda gani? Wao ilikuwa asilimia 60 kwa mwaka mmoja na nusu. Sisi ni asilimia 15 mpaka deni liishe, na iliongezwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Angalau mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, maana kuna kaka zetu walikuwa wanalipa na deni linapanda.

Azimio la Arusha la 1967 lilikuja na kifungu ambacho kwenye mjadala huu kinasahauliwa. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa. Na "kiongozi" hakuwa waziri peke yake. Watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu walihesabiwa humo. Nia nilikuwa naielewa tangu sekondari na bado naiheshimu. Ila kwa mtumishi wa kawaida maana yake ilikuwa hivi: ishi kwa mfuko mmoja. Katika miaka ambayo mfuko huo ulitosha, sawa.

Haukutosha muda mrefu.

Ngano sasa, kwa sababu huwezi kuandika habari ya ajira Hanang ukairuka ngano. Shirika la NAFCO lilianzishwa mwaka 1969, Hanang ikamegwa kutoka Mbulu mwaka huohuo, na kwa msaada wa Kanada yakafunguliwa mashamba makubwa uwanda wa Basotu: Basotu yenyewe, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd, Warret. Trekta kubwa, mashine za kuvuna, karakana, mafundi waliosomeshwa Kanada. Kwa vijana wa Katesh na Endasak ilikuwa ndoto, kazi ya kudumu karibu na nyumbani. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Kwa hiyo mfuko wa mshahara wa kijana mmoja ulishonwa kwa ngozi ya zizi la mwenzake. Mashamba yale hayakuhitaji watu wengi, mashine ndiyo ilikuwa mfanyakazi, na waliopoteza malisho siyo walioandikwa kazi. Kanada ikajiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika likadhoofika, na miaka ya 2000 ubinafsishaji ukafuata: baadhi ya mashamba yakauzwa, mengine yakarudi kwa wananchi. Aliyekuwa fundi wa kudumu akawa fundi wa barabarani.

Kuna kejeli hapa inanichekesha mpaka leo. Kanada hiyohiyo iliyotuletea matrekta ndiyo nchi ambayo Alphonse Desjardins alianzisha chama cha akiba na mikopo cha watu wadogo huko Quebec mwaka 1900, akifuata njia ya Wajerumani kama Raiffeisen wa miaka ya 1860. Kati ya trekta na wazo la Desjardins, kilichobaki na afya vijijini kwetu ni wazo. Trekta nyingi ziliishia kuwa vyuma chakavu.

Miaka ya 1980 nitapita haraka maana mnaijua kwa wazazi wenu. Vita ya Kagera, mafuta, foleni za sukari, duka la kaya. Mwaka 1986 tukakubaliana na IMF. Dola iliyokuwa kama shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka huo ilifika 40 katikati yake, na kufikia 1990 ilikuwa inakaribia 200. Mshahara wa mwalimu ulikuwa uleule jina, siyo uleule uzito. Ndipo neno "mradi" likapata maana mpya: kuku nyuma ya nyumba, maandazi, twisheni, gari la kukodi la bosi. Walioambiwa waishi kwa mfuko mmoja walikuwa wameshashona wa pili kimyakimya, na Azimio la Zanzibar la 1991 likaja kuhalalisha kilichokwisha kuwepo. Miaka ya 1990 maelfu ya watumishi wakapunguzwa kazini. Wengi wa kwetu walirudi kwenye mahindi na maharage, na upande wa Bashay kwenye vitunguu saumu.

Kinachofuata ndicho kilichonishtua zaidi, kwa sababu kimetokea mimi nikiwa tayari nimezaliwa. Mwaka 2002 ukaja MMEM, ada ya shule ya msingi ikafutwa, madarasa yakajengwa, walimu wapya wakamwagwa vijijini. Mwaka huohuo mkoa wa Manyara ukazaliwa. NMB iliyotoka kwenye tumbo la NBC mwaka 1997 ikabinafsishwa mwaka 2005. Ghafla nchi ina maelfu kwa maelfu ya vijana wenye mshahara wa uhakika unaopitia benki, na mwajiri ambaye hafi. Kwa mkopeshaji hiyo ni ng'ombe asiyeugua. Benki zikaleta mkopo wa mshahara, kampuni za mikopo ya watumishi zikafuata kwa riba nzito zaidi, nyuma yao wale wa kushika kadi, ambao mtaani wamepata jina linalowafaa: kausha damu. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na baada ya miaka michache mkopo ukawa ndani ya simu, unaupata umelala. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za kukopesha zilizokuwa hazina kibali.

Na nani alimfundisha mwalimu kusoma mkataba wa mkopo? Hapa ndipo nina neno. Nchi nyingine waajiri siku hizi wana mipango ya ustawi wa kifedha kazini: mshauri, mafunzo, akiba inayokatwa yenyewe. Kwetu tunasema hatuna. Siyo kweli, tunavyo, ila vimekaa mahali pabaya. Semina ya fedha ipo: ni ile ya wastaafu watarajiwa. Mtu anafundishwa kupanga hela akiwa na miaka 59! Anatoka hapo anakutana na kikokotoo: mkupuo wa asilimia 50 kwa waliokuwa PSPF na LAPF, ukatangazwa 25 mwaka 2018 ukasitishwa mwaka huohuo, ukawa 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 ukapandishwa kuwa 40 kwa wale waliozoea 50. Mtu aliyekopa akitegemea mkupuo alipangia hela ambayo ilibadilika umbo mara kadhaa kabla hajaishika.

Kilichofanya kazi kwa macho yangu ni SACCOS ya mahali pa kazi, ile inayoendeshwa vizuri. Siyo zote, kuna moja walimu walinisimulia ambayo mtunza hazina alihama na hela zao. Lakini nzuri inafanana na zizi la babu: unaweka kwanza, unakopa kwa kiasi cha ulichoweka, na anayekuamulia mkopo ni mtu anayekujua kuwa una mtoto wa tatu sekondari na shamba lako limekauka. Atakuuliza "za nini?" na utaona aibu kusema simu mpya. Mkubwa wa hayo yote ni Benki ya Mwalimu, hisa zikauzwa mwaka 2015, ikafunguliwa 2016, walimu wenyewe wakiwa wanahisa. Wazo zuri mno. Ila mwalimu wa Yaeda Chini hana tawi karibu, ana ofisa wa pikipiki.

Na mfuko wa pili usidharauliwe. Desemba 3, 2023 tope lilishuka kutoka mlima Hanang likapita Katesh na Gendabi, likaua watu zaidi ya 80. Lilibeba nyumba, maduka, mifugo. Mtumishi ambaye mkopo wake ulijenga duka lile, duka limekwenda, ila kwenye karatasi ya mshahara mstari wa makato uko palepale, haujalowa.

Mimi ombi langu kwa kitivo ni dogo. Tunasoma saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu, upimaji, vyote vizuri. Wapeni mwaka wa tatu saa nne tu kabla ya kuondoka: karatasi halisi ya mshahara, mkataba halisi wa mkopo, na mtu wa kutoka Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi wa kutueleza riba inayopungua na isiyopungua. Nimemwandikia mwakilishi wetu wa darasa. Kajibu "poa mkuu", kwa hiyo mnajua tulipofikia.

Nataka kuipanua hii iwe kazi yangu ya mwisho. Kwa hiyo wadau wa Hanang, kama kuna babu au mjomba aliyefanya kazi mashamba ya ngano na bado ana karatasi zake za mishahara za miaka ile, niandikieni hapa chini. Nitakuja Katesh baada ya UE, nauli ninayo mpaka Babati, mbele ya hapo tutajua.